Skuli Iliyokataa Kuchagua

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyolipokea lori langu la kwanza, na lori lile, wallahi, watu wa Magongo walitoka majumbani kulitazama. Ilikuwa Januari ya mwaka ule ule ambao mwishoni mwake tulipata uhuru. Nilisimama kwenye foleni nje ya lango la skuli mpya ya sekondari ya serikali huko Changamwe, nimevaa shati la kaka yangu na viatu vya baba yangu, na mbele yangu na nyuma yangu walikuwako vijana ambao sikuwahi kuwaona wamekusanyika mahali pamoja isipokuwa sokoni.

Utanisamehe kwa kuanza na lori. Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe na sioni haya kulisema. Nusu ya majumba unayoyaona ukipita barabara ya Magongo, mchanga wake umebebwa na magari yangu. Uzee bado sijaufikia, meno yangu yote yamo kinywani, lakini nimeishi vya kutosha kujua nilichokikosa. Na nilichokikosa hakiuzwi popote, maana kingeuzwa ningekuwa nimeshakinunua, tena kikubwa kuliko cha jirani yangu.

Enzi zile kusoma kulikuwa kuchujwa. Ukimaliza darasa la nne kuna mtihani, wengi wanabakia hapo. Ukifika la nane kuna mtihani mwengine, na hapo karibu sote tunarudi nyumbani. Wazungu walikuwa na skuli zao, Wahindi zao, Waarabu zao, na sisi tulikuwa na zetu chache ambazo mlango wake ulikuwa mwembamba. Mimi nilikwama kwenye mtihani wa la nane. Baba yangu, aliyekuwa mwashi, hakunigombeza. Alinikabidhi mwiko na karai, akaniambia twende kazini.

Mwaka uliofuata ikasikika habari kwamba serikali inafungua sekondari kubwa Changamwe, na itampokea kila aliyemaliza la nane, awe alipasi au hakupasi, awe Mwislamu au Mkristo, awe mwenyeji au mtu wa bara. Watu waliicheka habari hiyo. Barazani kwetu kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa maneno, yeye alisema hiyo si skuli bali ni stesheni ya gari la moshi, kila mtu huingia na kila mtu hutoka na mzigo wake ule ule. Tulicheka sana. Nami nilicheka, huku moyoni nikiomba Mungu wasije wakajaa kabla sijaandikwa jina.

Niliandikwa. Tulikuwa wengi hata madarasa ya mwanzo yakawa manne, na hawakutupanga kwa akili wala kwa alama. Walitugawa tulivyofuatana kwenye foleni, na ndani ya darasa wakatuketisha kwa herufi za majina. Hilo peke yake, mwanangu, lilikuwa jambo la kustaajabisha. Athumani, mtoto wa mwashi, akaketi dawati moja na Abubakar, ambaye baba yake ana maduka mjini na babu yake ana jina refu kuliko barabara. Nyuma yetu alikaa kijana Mgiriama aliyekuwa akitembea kwa miguu tangu alfajiri kutoka huko bondeni. Safu ya mbele walikaa wasichana, na sisi wavulana wiki nzima ya kwanza hatukujua tuweke wapi macho.

Nataka nikwambie skuli ile ilikuwa na nini, maana nyinyi wa leo mkiambiwa skuli ya serikali iliyojaa watu mnaona madirisha yaliyovunjika basi. Ilikuwa na karakana yenye majiliwa ya chuma ya kubania vitu, yaliyofungwa kwenye meza, na randa zinazonyoa mbao nyembamba kama karatasi. Mimi, mtoto wa fundi, nilidhani najua kushika chombo. Nilifunzwa upya. Ilikuwa na chumba cha vitabu ambamo hukuulizwa wewe ni nani, unaandikwa jina na unakwenda nacho nyumbani, kitabu kizima. Ilikuwa na kwaya. Ilikuwa na uwanja ambao kutoka hapo unayaona matangi ya mafuta yamepangana meupe hadi chini kwenye mkono wa bahari. Tukicheza mpira, mtoto wa tajiri anapigwa chenga na mtoto wa kuli na anaanguka kwenye vumbi kama watu wengine.

Na ilikuwa na hadubini moja. Chombo cha kukuzia vidudu, kama hukijui. Mwalimu wa sayansi aliweka tone la maji machafu chini yake, tukapiga foleni darasa zima. Zamu yangu ilipofika niliona kitu chenye manyoya kikizunguka kana kwamba kimesahau jambo, kisha nikasukumwa kando kwa sababu kengele ilikuwa karibu. Mwalimu akasema wiki itakayofuata kila mmoja atatazama mpaka ashibe. Wiki hiyo iliyofuata mimi sikuwako. Nimesafiri sana baadaye, nimefika Makka, nimepanda ndege, lakini kile kidudu nakiwaza mpaka leo. Sijui jina lake, na sina mtu wa kumwuliza.

Sasa nikwambie kwa nini sikuwako.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Kombo, mzaliwa wa Mtongwe, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye aliyetufundisha Kiswahili, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeita majina katika rejista. Sisi wa pwani tulikuwa na namna yetu ya kuitika. Mvulana akiitwa na mkubwa wake husema naam, au husema labeka. Mimi nilikuwa nikisema labeka, tena nalivuta, watu wajue nimelelewa. Neno abee ni la wanawake. Binti akiitwa na mamake ndiye huitika abee. Hilo halifundishwi popote, mtoto hulipata jikoni kabla hajaota meno.

Basi siku ya kwanza Mwalimu Kombo akaita, "Musyoka."

Na kijana mmoja mrefu, mweusi, shingo kama mwanzi, akasimama wima kwa heshima zote, akaitika, "Abee, mwalimu."

Mwanangu, darasa lilianguka kwa kicheko. Wasichana walijifunika vitambaa. Musyoka alikuwa mtoto wa kibarua wa bandarini kutoka bara, na yeye na baba yake walipanga chumba kwa mwanamke mmoja wa Changamwe mwenye mabinti wanne. Mamake hakuwako, alibaki kwao. Kila siku alisikia mabinti wale wakiitwa wakiitika abee, naye akaona hao ndio watoto wenye adabu katika nyumba ile, akajifunza adabu kutoka kwao. Angejuaje?

Mwalimu Kombo alimsahihisha kwa upole. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata mchezo. Tangu siku hiyo nikampa jina la Binti Musyoka. Akipita namwambia, "Binti, ushafagia ua?" Akiniomba rula namjibu, "Sema kwanza abee." Na kila alipokosea ngeli nilimsahihisha kwa sauti kubwa, si kwa ajili yake, kwa ajili ya wasikilizaji. Alisema kitabu zangu, nikamwambia vitabu vyako vinalia. Nilikuwa mchekeshaji mzuri, hilo silikatai, hata leo nikiingia mahali watu husogeza viti.

Yeye hakuwahi kugomba. Alitabasamu kidogo tu, kisha akatoa kijidaftari mfukoni akaandika. Nilidhani anaandika matusi ya kunitusi siku moja.

Muhula wa pili tukapewa mtihani. Mimi nilihangaika na hesabu, nilihangaika na Kiingereza, lakini ilipofika karatasi ya Kiswahili niliipokea huku nacheka. Kiswahili? Mimi? Lugha niliyonyonya? Tuliambiwa tuandike insha juu ya jirani. Nikaandika haraka, nikamaliza kabla ya wote, nikatoka nje kukaa kivulini nionekane. Sikuweka nukta wala mkato. Tangu juu mpaka chini ilikuwa sentensi moja, kama mtu anayezungumza huku anakimbia. Nusu ya maneno niliyaandika kama ninavyoyasikia. Niliona alama na vituo ni magongo ya watu ambao lugha si yao.

Siku ya majibu Mwalimu Kombo aliingia na karatasi, akasema ataisoma mbele ya darasa insha iliyoshinda zote za madarasa yote manne. Mimi nilijinyoosha. Nilikwisha kutengeneza uso wa mtu anayeona haya kusifiwa.

Akasoma, na jina halikuwa langu. Ilikuwa insha ya Musyoka. Aliandika kwamba jirani yake si wa nyumba bali wa darasa, kijana wa pwani ambaye maneno humtoka kama maji ya bomba. Aliandika hivi, na sehemu hii naijua kwa moyo: "Jirani yangu hunicheka kila siku, nami kila siku huyachukua maneno yake nikaenda nayo nyumbani. Hajui kwamba yeye ni mwalimu wangu wa pili. Nikijua Kiswahili, nitamshukuru."

Kile kijidaftari, mwanangu. Kumbe yaliyoandikwa humo yalikuwa maneno yangu.

Mwenye akili timamu angeinuka akampa mkono. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na kichwa kilichojaa upepo. Majina yakaendelea kusomwa, wa pili, wa tatu, wa kumi. Walipita watu wa bara, alipita Mgiriama wa bondeni, akapita mtoto wa Kihindi aliyekuwa akiongea Kiswahili kana kwamba ana pilipili ulimini. Langu lilikuja karibu na mwisho. Na hapo Abubakar, mwenzangu wa dawati, bila ubaya wowote, kwa mzaha ule ule niliomfundisha mimi mwenyewe, akanigeukia akasema, "Haya, Binti Athumani, itika."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja. Wewe wamjua ni nani.

Nilichukua kofia yangu nikatoka. Nikapita langoni, nikashuka njia ya Magongo, na kila hatua nilijiambia fundi cherehani alisema kweli, pahali panapopokea kila mtu si pahali pa mtu kama mimi. Nikajiambia kwamba kushindwa Kiswahili na mtu wa bara ni jambo lisilowezekana ila mahali palipooza. Baba hakunilazimisha kurudi. Alifikiri nimeitwa na kazi. Wiki ile ile nikapata kibarua cha kupakia mchanga kwenye malori ya Singasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, na mwili wangu ulikuwa na nguvu, na nilisifiwa, na sifa ilinitosha.

Kulipita kama mwezi na nusu. Ijumaa moja tunatoka msikitini namwona Mwalimu Kombo amesimama karibu na viatu vyangu. Sikuwa na njia ya kuvaa bila kumpita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya baba, hali ya mama, hali ya ndugu zangu mmoja mmoja, mpaka watu wakaisha. Nilitaraji anigombeze juu ya mtihani. Hakuutaja.

Akaniambia, "Athumani, mwanangu. Miaka yote serikali hii imekuwa ikituchagua. Wewe panda, wewe baki, wewe rudi kwenu. Imepatikana skuli moja inayokataa kuchagua, na wewe umeingia humo na mizani yako kutoka nyumbani."

Nikatazama viatu.

"Jina lako sikulifuta," akasema. "Nitaliita kila asubuhi mpaka skuli ifungwe mwaka huu. Siku utakayoitika, sitakuuliza ulikuwa wapi."

Nikamwambia inshallah, mwalimu. Na wewe unajua sisi watu wa pwani tukisema inshallah kwa sauti ile tunakuwa tumeshakwenda zetu.

Lakini maneno yake yalinikaa. Nilianza kuamka mapema bila sababu. Nikiwa juu ya lori tukipita karibu na skuli nilikuwa natazama upande mwengine, kisha nikishapita nageuka. Nililitamani hata lile vumbi la chaki. Nililitamani dawati langu lenye mguu mmoja mfupi. Zaidi ya yote nilitamani kubishana, maana pale kazini tulikuwa watu wa aina moja tunaosema mambo ya aina moja, na ninapofanya mzaha wanacheka kabla sijamaliza, na hakuna anayeandika chochote.

Muhula wa tatu ukaingia, na serikali ikaamua kuongeza madarasa, kwa kuwa mwaka utakaofuata watoto watakuwa wengi zaidi. Mchanga wa ujenzi huo tulipewa sisi kuupeleka. Siku hiyo lori liliingia asubuhi, wakati kengele inalia, na likarudi nyuma mpaka likasimama mita chache kutoka kwenye dirisha la darasa letu. Nikapanda juu na beleshi. Nikaanza kumwaga, na nikasikia sauti ile ya chini ikiita majina.

Aliwaita kwa mpango wa herufi, kwa hivyo langu lilikuwa karibu na mwanzo. Abubakar aliitika naam. Kisha nikasikia, "Athumani."

Beleshi likasimama hewani. Neno lilinipanda mpaka hapa, kooni, labeka nzima na mkia wake. Kilichobaki ni kufungua mdomo tu. Nikatazama miguu yangu, imejaa mchanga na saruji mpaka kwenye magoti. Nikaitazama kaptura yangu imetoboka. Nikasema ndani ya nafsi yangu, nitakuja kesho, na shati safi.

Basi katika ule ukimya akasimama mtu ndani, nikalisikia dawati likisogea. Akajibu kwa niaba yangu, polepole, kama mtu aliyekwisha kulijibu mara nyingi na hakuchoka.

"Yuaja, mwalimu."

Hakusema anakuja, kama walivyosema wenzake wa bara. Alisema yuaja, kama tunavyosema sisi, na lafudhi ilikuwa yangu. Mwalimu Kombo akasema vyema, akaendelea na jina jingine.

Dereva akaniuliza mbona nimesimama. Nikamwaga mchanga.

Kesho yake nililifua shati, lakini lilikuwa halijakauka. Kesho kutwa tulipelekwa Likoni kwa kazi nyengine. Wiki ikawa wiki mbili. Skuli ikafungwa, na Desemba bendera ikashushwa na nyengine ikapandishwa, na wanafunzi wa skuli ile walipita barabarani wakiimba kwa sauti za kwaya, safu kwa safu, mimi niko juu ya lori nimeshika bendera ndogo ya karatasi. Niliwatafuta kwa macho, nikamwona Abubakar. Musyoka sikumwona. Baadaye nilisikia baba yake amerudi kwao na wamehama.

Januari nikapiga moyo konde, nikaenda mpaka ofisini na viatu vilivyopigwa rangi. Mwalimu Kombo alikuwa amepelekwa skuli nyengine kushika nafasi ya Mzungu aliyeondoka. Karani mgeni akaniuliza jina, akafungua rejista mpya, akapitisha kidole juu mpaka chini. Halikuwamo. Hakuna aliyelifuta, mwanangu. Halikunakiliwa, basi. Mtoto mwengine alikuwa ameshawekwa mahali pangu.

Sikufa kwa ajili hiyo. Nilinunua, nikauza, nikajenga, na wale waliosoma wengine huja kwangu kuomba kazi, nami nawapa. Lakini barua ya Kiingereza ikija ofisini namkabidhi karani aisome, na namtazama usoni anaposoma, kwa sababu uso wake ndio barua yangu. Na kila nikiwa na watu wanaonisifu, moyo unakwenda kwa yule ambaye alinisikiliza zaidi ya wote, na nikamwita binti. Sijui kama yu hai. Kama yu hai, natumaini anaongea Kiswahili kama wasemavyo wenyewe, na kwamba katika maneno yake mawili matatu ni yangu.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Nasikia vijana mnanung'unika mkiitwa skuli kubwa za serikali, za karibu na nyumbani, zinazomchukua kila mtu. Mnataka ile inayochuja, ili mkipita mringe. Mimi nakwambia, kama lango limefunguliwa bila kuulizwa wewe ni nani, ingia. Humo utakuta mtu usiyemchagua, na ambaye nyumbani kwenu wasingekuchagulia, na yeye ndiye skuli yenyewe. Usimcheke akikosea neno lako, mpe jengine. Akikushinda kwa neno hilo hilo ulilompa, furahi, kwa kuwa kilichoshinda ni chako. Gusa kila chombo unachowekewa, tazama mpaka ushibe, usingoje wiki ijayo. Na kama ulishatoka kwa hasira, rudi leo hii na miguu yako ya saruji, hapana aliyekuomba shati safi.

Mola akupe sikio la kulisikia jina lako linapoitwa, akupe na ulimi mwepesi wa kuitika kabla halijapita. Akuketishe karibu na watu wasiofanana nawe, wakupende, uwapende. Na yule aliyenisemea mimi kweli ambayo mimi mwenyewe niliifanya uongo, popote alipo, Mungu amjaze kheri yeye na kizazi chake. Amin.